Historia ya Mayai ya Bunia

Ukitaka kuandika historia ya mayai ya Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, utajikuta unaandika historia ya barabara. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, na mama wa kijijini hana haraka ya kuyauza: yai la leo ni kifaranga cha kesho, na kifaranga ni karo ya mtoto. Mayai yanayopangwa kwenye plato, yaani trei za mayai 30, katika soko kuu yana nasaba nyingine.

Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, haikuijenga biashara ya mayai hayo. Dhahabu ya Kilo, huko huko Ituri, ilionekana mwaka 1903, na akili ya serikali ikabaki migodini. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo Nioka, huko Mahagi, lakini Ituri ilijulikana kwa ng'ombe na kwa mboga za nyanda za juu. Kuku alikuwa jambo la uani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutwaa mashamba na maduka ya wageni, yakagawiwa watu wenye jina serikalini, na mengi hayakuchukua muda kufa.

Kisha vita. Jeshi la Uganda, lililokuwa nchini tangu 1998, liliondoka Bunia mwanzoni mwa Mei 2003. Mji ukaingia katika mapigano, na Juni wakaja wanajeshi wa Ulaya wa operesheni Artemis. Mfugaji hawezi kukimbia na banda la kuku. Ng'ombe huswagwa, mbuzi huvutwa kwa kamba, kuku wa mayai huachwa.

Amani ya nusu nusu iliyofuata ndiyo iliyoleta plato. Mji ulijaa wakimbizi, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na mashirika, na wachuuzi wa dhahabu wenye dola. Ng'ambo ya mpaka Uganda ilikuwa imeshatangulia: kampuni kama Ugachick, iliyoanza mwaka 1992, zilikuwa zikitotolesha vifaranga na kusaga chakula cha kuku kwa kiwango kikubwa. Mayai yakaja kwa lori kupitia Goli na Mahagi, au kwa boti kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Vijana wakayachemsha, wakayatembeza mitaani pamoja na chumvi na pilipili, na yai likawa chakula cha mtu wa kawaida.

Mwaka 2017 ulionyesha bei ya kumtegemea jirani. Januari, ndege wa porini walikufa kwa mafua ya ndege katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, na Kenya ikawafungia mlango kuku na mayai ya Uganda. Miezi michache baadaye virusi vya mafua hayo, aina ya H5N8, vikathibitishwa kwa bata na kuku wa Ituri, kandokando ya Ziwa Albert. Desemba mauaji yakarudi Djugu, kaskazini mwa Bunia, na barabara ya taifa namba 27, ile ya kwenda Mahagi, ikawa ya kupitwa kwa kuvizia. Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Lori likikwama siku tatu, mwenye chapati na mayai ndiye wa kwanza kujua.

Je, si afadhali kufuga hapa hapa? Wanaofuga wapo, na hesabu yao si ndogo. Kuku 1,000 wa mayai hula kilo 115 hivi kwa siku, yaani tani zipatazo 42 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni mahindi. Mahindi hayo hulimwa Djugu na Irumu, katika mashamba yale yale ambayo wakulima wameyakimbia. Dagaa wa kuchanganyia hutoka ziwani. Kwa hiyo hata yai lililotagwa ndani ya mji limekwisha kupita barabarani likiwa bado punje.

Kwingine duniani yai limekuwa bidhaa ya kiwanda. Wafanyabiashara wa kigeni walianza kukausha mayai China zaidi ya karne moja iliyopita. Juni 1942 Waingereza walianza kugawiwa unga wa mayai kutoka Marekani. Na leo Marekani huvunja kwa mashine karibu theluthi moja ya mayai yake, ikayapasha joto la nyuzi 60 kwa dakika tatu na nusu ili kuua vijidudu, ikayauza kwa waokaji yakiwa maji au unga. Viwanda hivyo vilizaliwa na ziada. Bunia haina ziada: kinachovunja mayai hapa ni mashimo ya barabara. Lililopata ufa huuzwa kwa bei ya chini na kuishia kwenye kikaango siku ile ile. Huo ndio usindikaji wetu wote, na sioni aibu ndani yake.

Basi mtu akija na mradi wa kiwanda cha unga wa mayai, aulizwe kwanza umeme. Robo tatu ya yai ni maji, na kuyakausha kunataka moto usiozimika, ilhali bwawa la umeme la Budana lilijengwa kwa ajili ya migodi, na taa za mji bado huwaka kwa kubahatisha. Bunia inahitaji kituo kikubwa cha kutotolesha vifaranga, kisha kinu cha chakula cha kuku, na kabla ya vyote viwili mkulima wa Djugu arudi shambani kwake. Mashine ya kukausha isubiri.