Nani Alimtoa Donna Troy Motoni?

Ukitaka kujua gharama ya kumwanzishia shujaa maisha upya, usimwangalie yeye. Mwangalie aliyemwegemea. Katika komiki za DC za Marekani, huyo ni Donna Troy.

Donna alitokana na mkanganyiko. Mwanzoni, Wonder Girl alikuwa Wonder Woman mwenyewe, yaani Diana, alipokuwa msichana. Halafu mwaka 1965, mwandishi Bob Haney akamtia Wonder Girl kwenye kikundi cha mashujaa vijana, Teen Titans, na huku Diana ni mtu mzima anayeendelea na kazi zake. Mtu mmoja, umri mbili, wakati uleule! Haikuelezwa hadi 1969, Marv Wolfman na mchoraji Gil Kane walipompa jina lake, Donna Troy, na historia yake: yatima ambaye Wonder Woman alimtoa kwenye nyumba inayoungua, akampeleka kisiwani kwao akalelewe. Sawa. Binti akapata kwao.

Kufikia miaka ya 1980, DC ilikuwa na dunia sambamba nyingi, na msomaji mgeni hakujua aanzie wapi. Wolfman huyohuyo na mchoraji George Pérez wakapewa kazi ya kufagia. Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya 1985 na 1986, ikazifanya dunia zote kuwa moja. Mwaka 1987 Pérez akamwanza Diana upya: ndiyo kwanza anatoka kisiwani, hajawahi kukanyaga huku kwetu.

Hadithi tamu, kusema kweli. Lakini Teen Titans walikuwa wanauza vizuri, kwa hivyo Donna na miaka yake yote hakuguswa. Sasa piga hesabu. Kama Diana amefika juzi, nani aliingia kwenye ule moto?

Mwaka 1988 Wolfman na Pérez wakajibu: ni Matitani, miungu wa kale wa Kigiriki. Miaka ya 1990, John Byrne akaja na lake: Donna ni nakala ya Diana iliyoumbwa kwa uchawi, kisha ikalaaniwa kuishi maisha mengi ya mateso. Kila jibu jipya lilihitaji jibu lingine la kulieleza.

Kosa si hesabu tu. Wahariri huchukulia chanzo cha shujaa kama ukurasa wa kwanza: ukichakaa, unachana, unabandika mwingine. Kumbe chanzo ni deni kati ya watu wawili. Ukifuta aliyenyoosha mkono, aliyeushika anabaki akining'inia.

Kilichomshikilia Donna ni marafiki. Katika hadithi moja ya 1984, kabla ya harusi yake, Dick Grayson, yule Robin, alimsaidia kutafuta alikotoka. Majibu aliyopata siku ile yamepinduliwa mara kadhaa tangu hapo. Dick bado ni rafiki yake.