Mishiri kwa karanga: Kitoweo cha haraka nyanda za majani chai

ANAYESAFIRI kutoka mjini Kericho kupitia Kapkatet hadi njia panda ya Kaplong, ambako barabara moja hushika upande wa Bomet na nyingine upande wa Sotik na Kisii, huona majani chai kushoto na kulia kana kwamba ardhi haina kazi nyingine. Lakini nyuma ya jiko la kila boma pana kishamba kidogo ambacho hakiuzwi kiwandani. Humo mna sukumawiki, sagaa ambayo Wakipsigis huiita isagek, mnavu, vitunguu, na katika baadhi ya boma mstari mmoja au miwili ya mishiri.

Mishiri ni maganda ya maharagwe yanayochumwa yakiwa bado machanga, kabla punje hazijajaa ndani. Jina hili ndilo lililozoeleka miongoni mwa wakulima wa Kenya, ilhali watani wetu wa Tanzania husema maharage machanga. Kwenye dawati la uhariri neno hili limetugombanisha mara nyingi, maana wapo wanaoliona kuwa la wakulima wa kati mwa nchi na wanaotaka tuandike "maharagwe ya Kifaransa". Msimamo wa mwandishi huyu ni kwamba neno linaloeleweka sokoni halina haja ya kutafsiriwa. Mmea wenyewe, kwa hakika, si wa Ufaransa. Asili yake ni bara la Amerika, kama ilivyo asili ya karanga na mahindi, na inaaminika mazao hayo yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao katika Bahari ya Hindi.

Kwa miaka mingi Mkenya wa kawaida ameijua mishiri kama mali ya ndege. Hulimwa Kirinyaga, Machakos, Murang'a na kandokando ya Naivasha, huchambuliwa kwa wembamba, usiozidi milimita 6 kwa daraja la juu, kisha husafirishwa Ulaya usiku. Aprili 2010, jivu la volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland lilipofunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, mboga zilirundikana Nairobi na nyingine zikaishia kulishwa mifugo. Wakati huo wengi walijiuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema: kwa nini ng'ombe alikumbukwa kabla ya mwenye shamba?

Katika Kericho na Bomet swali hilo lina uzito wa pekee, na sababu yake ni mwinuko. Sehemu kubwa ya maeneo ya majani chai iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi; Kericho huchemka kwa takriban nyuzi 93. Tofauti hiyo ya nyuzi saba huonekana ndogo hadi mtu abandike sufuria ya maharagwe makavu. Kinachoiva kwa saa moja na nusu pwani huweza kuchukua saa mbili na nusu au tatu huku juu, na kuni au makaa huteketea kwa kiasi hicho hicho. Mchuma majani aliyeamka alfajiri, akarejea nyumbani jua likielekea kuzama, hana saa tatu za kungoja sufuria. Ndiyo maana maharagwe hupikwa Jumapili na sukumawiki hushika zamu siku nyingine zote. Mishiri huiva kwa dakika zisizofika kumi, na ikiongezwa karanga hupata protini na mafuta ambayo mboga pekee haina.

Gramu 100 za mishiri zina takriban kalori 31 na protini isiyofika gramu 2, pamoja na vitamini C, vitamini K na foleti. Karanga za uzito huo huo zina kalori zaidi ya 560 na protini ipatayo gramu 25. Kwa hiyo gao moja la karanga hubadilisha kabisa sahani ya mboga.

Kuchagua mishiri

Mshiri mzuri hukatika kwa mlio unapokunjwa. Ukipinda kama kamba bila kukatika, umenyauka au umekomaa. Maganda yenye vivimbe vya punje yana nyuzi pembeni na hayafai kwa pishi hili. Ni afadhali yaachwe shambani yakauke yawe maharagwe. Madoa ya rangi ya kutu ni ugonjwa unaopenda mvua, na mvua Kericho haina likizo. Makovu meupe yaliyobonyea aghalabu ni kazi ya mvua ya mawe, ambayo wakulima wa huku wanaijua kuliko wengi duniani. Ganda lenye kovu la mvua ya mawe lina sura mbaya tu. Likate sehemu hiyo, ulipike.

Jambo zito zaidi ni dawa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe mabaki ya dawa za kuua wadudu, na wakulima wa kuuza nje wakalazimika kuzihesabu siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuchuma. Anayelima mistari miwili nyuma ya jiko hana mkaguzi. Siku hizo zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa ya dawa na zinamhusu yeye vilevile. Kuosha kwa maji husaidia, lakini hakuondoi dawa iliyokwisha kupenya ndani ya ganda.

Kuchagua na kukaanga karanga

Karanga za eneo hili hutoka zaidi nchi ya chini, hasa upande wa Homa Bay, na huuzwa sokoni mbichi kwa vipimo vya kopo. Hapa pasiwe na haraka. Karanga zilizovunwa na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, sumu inayoharibu ini na inayohusishwa na saratani ya kiungo hicho. Kenya inaijua vyema: mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini lilipiga marufuku chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo hiyo. Hali ya hewa ya Kericho, yenye unyevu karibu mwaka mzima, haiwi rafiki wa karanga zilizofungwa ndani ya karatasi ya plastiki.

Wapo wanaodhani moto humaliza kila kitu. Ukaangaji wa nyumbani hauiondoi sumu hii kwa kiwango cha kutegemewa. Kinga ni macho na vidole: mwaga karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka au zenye ukungu. Ukionja moja ikawa chungu, iteme. Macho hayaoni kila kitu, lakini karanga mbovu nyingi hujionyesha zenyewe. Nunua kiasi cha wiki moja au mbili, usinunue gunia.

Neno karanga lenyewe lina undugu na kukaanga, na hakuna mafuta yanayohitajika. Weka kikaango kizito, kile cha chapati kinafaa sana, juu ya moto wa wastani. Tia nusu kikombe cha karanga zilizochaguliwa, ugeuze kwa mwiko bila kuacha kwa dakika 8 hadi 10. Dalili ya kwanza ni harufu, ya pili ni mlio mdogo wa kupasuka, ya tatu ni ganda jembamba kuanza kubanduka. Ziepue kabla hazijafika rangi unayoitaka, maana joto lililomo ndani huendelea kuzipika. Zimwage kwenye sahani baridi; ukiziacha kikaangoni zitaungua huku unatafuta chumvi. Zikipoa, zisugue kwa viganja, uzipepete nje ya mlango, kisha uzitwange kidogo tu kwenye kinu ziwe vipande vipande. Zikiwa unga utakuwa umepika kitu kingine, kizuri pia, ila si hiki.

Mapishi

Kwa watu wanne au watano tayarisha gramu 500 za mishiri, hizo karanga nusu kikombe, kijiko kikubwa cha siagi au samli, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu ya limau na chumvi. Kata vikonyo vya mishiri na kuiosha. Kuikata vipande vifupi kama sukumawiki si lazima. Ikibaki mizima hupendeza zaidi na hupoteza vitamini kidogo majini.

Chemsha lita 3 za maji yenye vijiko viwili vidogo vya chumvi hadi yatokote kwa nguvu, ndipo utie mishiri. Maji yakiwa machache hupoa mara tu mboga inapoingia, na kwa mwinuko huu huchelewa kurudi kwenye mchemko. Usifunike sufuria. Mboga inapochemka hutoa asidi ambayo, ikifungiwa ndani, hugeuza rangi ya kijani kuwa ya kahawia iliyochujuka. Vitabu vingi vya mapishi huandikwa na watu wa nchi za tambarare na husema dakika 4. Kericho na Bomet hesabu dakika 6 hadi 8, uonje mmoja: uwe laini lakini ubaki na ukinzani kidogo mdomoni. Mishiri isiliwe mbichi, kwa kuwa maharagwe mabichi yana kemikali inayochafua tumbo.

Baadhi ya wapishi hutia magadi ili kijani kikolee. Kijani kitakolea kweli, lakini magadi huharibu vitamini C na kuifanya mboga iteleze. Kama wageni wamechelewa, ichuje mishiri na kuitia kwenye maji ya mfereji kwa dakika moja. Maji ya huku ni baridi ya kutosha bila barafu.

Yeyusha siagi kikaangoni, utie kitunguu saumu kwa nusu dakika, kisha mishiri iliyochujwa vizuri. Geuza kwa dakika mbili. Epua, nyunyiza karanga, halafu limau mwisho kabisa, wakati sahani inakwenda mezani. Limau likiingia mapema hufifisha rangi, na karanga zikiingia mapema hulainika na kupoteza sababu ya kuwemo.

Wafaransa hupika mboga hii kwa lozi, ambazo kwetu huagizwa kutoka nje na bei yake si ya mezani kwa mchuma majani. Korosho za pwani hufaa. Makadamia, zao lililoletwa Thika mwaka 1946, ni tamu mno hapa, ila zina mafuta mengi na huungua upesi: dakika 4 au 5 za moto mdogo zinatosha. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano karanga zitwangwe hadi ziwe laini, kwa sababu vipande huweza kuwakaba koo. Mwenye mzio wa karanga ajulikane kabla ya sahani kupita.

Kitoweo hiki huliwa kwa kimyet, yaani ugali, na mursik pembeni haigombani nacho. Linalogombana ni lile zao lenyewe la nchi hii. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana madini ya chuma ambayo mwili hufyonza kutoka kwenye mboga na karanga, pengine kwa zaidi ya nusu, ilhali limau huongeza ufyonzaji huo. Kwa mama mjamzito au msichana anayekua tofauti hiyo si ndogo. Birika lisubiri saa moja baada ya kula.

Kinachosalia hakipendezi kikipashwa moto. Kiweke mahali pa baridi usiku, asubuhi ukamulie limau jingine, ukifunge kwenye mkebe wa chakula cha mchana, na karanga zake uzibebe kando kwenye karatasi.