Muziki na Vitisho katika Sinema za Italia

Jicho likiogopa hufumbwa, lakini sikio halina kope. Siri hiyo waliijua watengenezaji wa sinema za vitisho wa Italia, wakaifanya mtaji wao.

Hofu ya muziki katika nchi hiyo ina umri kuliko sinema. Niccolò Paganini, mpiga fidla aliyezaliwa Genoa mwaka 1782, alikuwa na ustadi mkubwa hata watu wakanena kwamba ameiuza roho yake kwa Shetani. Alipofariki Nice mwaka 1840 bila sakramenti, askofu alimnyima maziko ya kanisa. Mwili wake uliwekwa katika makaburi ya Parma mwaka 1876. Uvumi huohuo Luigi Cozzi aliutengenezea filamu, Paganini Horror, mwaka 1989.

Iliyo bora zaidi ni Suspiria ya Dario Argento ya mwaka 1977, habari za wachawi waliojificha katika chuo cha dansi. Kundi la Goblin lilitunga muziki kabla ya picha kupigwa, nao ukarindima mbele ya waigizaji wakiwa kazini. Hilo liliwezekana kwa kuwa desturi ya Italia ilikuwa kutia maneno baadaye, na kelele hazikuharibu kitu. Hivyo muziki uliitangulia hofu, na picha ikaufuata.

Watazamaji wa Argento hutishwa kwa hiari yao, kisha hurejea makwao salama. Wasikilizaji wa Paganini nao walitishwa na sauti, lakini gharama ya hofu yao aliilipa mpigaji, hata baada ya kufa.