Ndege Adimu wa Hickling Broad, Norfolk

Tega sikio kabla hujatafuta kwa macho. Majira ya kuchipua, alfajiri, ngojamaliko dume hujaza hewa kooni na kutoa mvumo mzito unaosikika kilomita kadhaa. Kumwona ni kazi: manyoya yake ya kahawia yenye michirizi myeusi yanafanana kabisa na matete, na akishtuka huinua mdomo juu na kuyumba pamoja nayo upepo unapovuma. Alishatoweka Uingereza kama ndege anayezaliana. Mwaka 1911 kinda lake lilipatikana hapa Norfolk, na mpiga picha Emma Turner akalipiga picha. Ushahidi mzuri kuliko huo kwamba amerudi kuzaliana ungetoka wapi?

Korongo wa kijivu, mwenye mabawa yanayozidi mita 2 yakikunjuliwa, alikosekana nchini kama ndege anayezaliana kwa takribani miaka 400. Mwaka 1979 wachache walitua wenyewe Horsey, jirani na hapa, wakabaki.

Jioni za baridi, simama kwenye kinu cha Stubb Mill, hapa Hickling. Korongo na mwewe wa matete huja kulala vinamasini. Tafadhali usitoke njiani. Korongo hushtuka upesi.