Moo Yaa: Ngozi, Kiangazi na Mti wa Kaskazini mwa Uganda

Mwanafunzi aliyejifunza majina ya misimu katika vitabu vya pwani, yaani masika na vuli, kaskazi na kusi, atatatizika kidogo afikapo Gulu au Lira. Huko mvua huanza takribani mwezi Aprili na, ijapokuwa hupungua katikati, huendelea hadi Novemba. Kisha hufuata kiangazi kikali mpaka Machi. Nyasi hukauka, vumbi hutanda, na ngozi hupauka, yaani hupoteza unyevu na mng'ao wake ikaonekana kana kwamba imepakwa majivu. Midomo na visigino hupasuka. Nywele nazo hukatika.

Waacholi na Walango wana kinga ya hali hiyo tangu zamani. Ni moo yaa, mafuta ya mti uitwao yaa, ambao Waiteso huuita ekungur na wafanyabiashara wa dunia huuita shea. Matunda yake huiva wakati wa mvua na kuanguka yenyewe. Wanawake na watoto huyaokota asubuhi mapema. Nyama yake tamu huliwa. Mbegu huanikwa, hubanguliwa, hukaangwa, hutwangwa na kusagwa, kisha huchemshwa majini mpaka mafuta yaelee na kuenguliwa. Kwa hiyo mafuta ya kiangazi hutayarishwa kabla kiangazi hakijafika. Mtoto mchanga hukandwa kwa mafuta hayo, mama hujipaka mwilini na nywelini, na mafuta hayo hayo huungia mboga.

Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Huyazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana yafaa kupakwa mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Yaa ya bonde la Nile, ambayo wataalamu huiita nilotica, hutoa mafuta laini kuliko yale ya Afrika Magharibi.

Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda Mali mwaka 1352 na huko akaeleza mafuta ya mti huu: watu waliyapikia, waliyawashia taa na kujipaka mwilini. Baada ya karne nne na zaidi, Mskoti Mungo Park aliyaona katika safari yake ya 1795 hadi 1797, na wanasayansi wakaupa mti jina lake, Butyrospermum parkii, ambalo siku hizi limeachwa. Wote wawili waliuona mti wa magharibi. Yaa ya Nile haikupata msafiri mashuhuri kama hao wa kuisimulia, na naona ndiyo sababu wasomaji wengi hudhani kuwa shea ni mali ya Afrika Magharibi peke yake.

Kopo la vaselini, bidhaa iliyopewa hataza Marekani mwaka 1872, lilikuja kushindana na moo yaa madukani, lakini halikuuangusha mti. Vita na shoka ndivyo vilivyouumiza. Kati ya 1987 na 2006 vita vya kundi la LRA viliwahamisha watu zaidi ya milioni 1 kaskazini mwa Uganda, wengi wao wakaishi kambini, mbali na mashamba yao. Waliporejea, mifugo ilikuwa imekwisha na fedha hazikuwepo. Yaa hutoa mkaa mzuri, na malori ya kuuchukua yalikuwa tayari barabarani. Hapo kale mkulima aliyefyeka shamba aliuacha mti huo umesimama. Sasa mwenye ada ya shule ya kulipa aliuuza. Siwezi kumlaumu kwa wepesi, hasa tukikumbuka kwamba mkaa huo ulipikia chakula cha watu wa mijini.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 humpa raia wajibu wa kuyalinda. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa mkaa wa biashara kaskazini. Mche wa yaa unaoota wenyewe huhitaji miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa amri hiyo atakuwa kidato cha tatu au cha nne mti wa umri wake utakapoangusha tunda la kwanza.