Daraja la Makupa na Viwanda vya Thika

Mji wa Thika uko mbali na bahari, katika nchi ya vilima, mito, kahawa na mananasi. Mtu anayetazama dohani za viwanda vyake na vya jirani yake Ruiru ni nadra kufikiri juu ya maji ya chumvi. Hata hivyo, mananasi yatiwayo makoponi huko Thika huuzwa ng'ambo kwa njia ya bandari ya Mombasa, na mafuta ghafi ya mawese yasafishwayo huko huletwa kwa meli kutoka Asia. Na Mombasa ni kisiwa. Kwa hiyo hatuwezi kuieleza vema historia ya viwanda hivyo bila kueleza jinsi watu walivyovuka hori la Makupa, maji membamba yanayotenga kisiwa hicho na bara.

Mhandisi George Whitehouse alifika Mombasa mwezi wa Desemba 1895 ili kujenga reli ya kwenda Uganda. Vyuma, mataruma na magari ya moshi viliteremshwa kisiwani. Lakini reli yenyewe ilitakiwa kwenda bara. Basi kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kuvuka Makupa. Mwaka 1896 lilijengwa daraja la mbao lenye urefu upatao futi 1,700, nalo baadaye likafuatwa na daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku zile. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani mwaka 1901, na mwaka 1913 tawi lake likafika Thika.

Faida yake ilionekana upesi. Zamani mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 hivi, akatembea majuma mengi, na chakula chake mwenyewe kilikuwa sehemu ya gharama. Bidhaa nzito isiyo na bei kubwa haikuweza kustahimili safari ya namna hiyo. Mkonge na kahawa viliweza kulimwa kwa biashara katika nchi ya Thika kwa sababu gari la moshi liliweza kuvipeleka hadi melini.

Mizigo ilipozidi, na gati za maji ya kina zilipofunguliwa Kilindini kuanzia mwaka 1926, wahandisi walikuwa na njia mbili mbele yao. Ya kwanza ni daraja la nguzo. Kila nguzo hudai msingi uliopita matope na kukaa juu ya ardhi imara, na chuma katika maji ya chumvi hushikwa na kutu. Ya pili ni tuta: kumwaga mawe na udongo mpaka maji yashindwe. Tuta ni rahisi, hubeba uzito mwingi, wala halipati kutu. Mwaka 1929 tuta likajengwa Makupa.

Kwa hesabu ya fedha shauri hilo lilikuwa jema. Lakini hesabu hiyo iliisahau bahari. Maji ya Makupa huunganisha hori la Tudor na lile la Port Reitz. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, kisha hupwa, nayo katika kwenda na kurudi husafisha matope, huleta chakula cha samaki na hueneza mbegu za mikoko. Tuta likawa kizibo. Matope yakajikusanya, samaki wakapungua. Na jaa la taka la Kibarani, lililokuwa kando ya maji hayo, likaongeza madhara. Mali ya viwanda ilipita juu ya tuta. Gharama yake ilimwangukia mvuvi aliyekuwa chini.

Baada ya miaka 93, yaani mwaka 2022, daraja jipya la nguzo, lenye urefu wa mita 457, lilifunguliwa kwa magari mahali pa tuta, ili maji yapate kupita tena. Gharama yake ilikuwa karibu shilingi bilioni 4.5.

Tukilitazama daraja la Uchina liunganishalo Hong Kong, Zhuhai na Macau, lililofunguliwa mwaka 2018, twaona jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Njia hiyo ina kilomita 55. Sehemu yake moja hupita chini ya bahari ili meli zisizuiwe, na misingi ya nguzo nyingi ilizamishwa chini ya sakafu ya bahari ili isiuzibe mkondo. Huko maji yalihesabiwa tangu mwanzo.

Wahenga walisema, rahisi ni ghali. Wajenzi wa tuta hawakuwa wajinga. Walipima uzito wa mizigo, wakapima bei ya mawe, nao wakapata jibu sahihi la swali walilojiuliza. Kosa lilikuwa katika swali. Kijana wa Thika atakayesomea uhandisi kesho atapewa mto au hori la kuvuka, na fedha kidogo za kulivukia. Na aulize kwanza ni nani na ni nini kinachopita hapo tayari, kabla ya kuuliza ni mizigo gani itakayopita.