Myst: Gemu lisilo na bunduki lililotengenezwa na ndugu wawili

Mwaka 1993 ndio mwaka uliotoka Doom, gemu la damu mwanzo mwisho. Miezi michache kabla yake, Septemba 24, lilitoka jingine lililokwenda kinyume kabisa. Halina adui wa kumpiga, halina pointi, halina saa inayokukimbiza, wala hakuna anayekwambia ufanye nini. Unafungua kitabu, unagusa picha iliyo ndani, ghafla uko kisiwani peke yako. Upepo, mawimbi, na mashine za ajabu ajabu. Hilo ndilo Myst.

Waliolibuni ni ndugu wa damu, Rand na Robyn Miller, kutoka Spokane, jimbo la Washington, mbali na wale mabosi wa kompyuta wa California. Kampuni yao, Cyan, ilikuwa ya magemu ya watoto, kuanzia The Manhole la mwaka 1988. Wajapani wa Sunsoft ndio waliotoa mpunga ili safari hii watengeneze kitu cha watu wazima.

Sasa cheki walivyolisuka. Walitumia HyperCard, programu ya Apple inayofanya kazi kama pakiti ya kadi: unabofya hii, inafunguka ile. Yaani kila hatua unayopiga kisiwani ni picha nyingine, na picha zilikuwa kama 2,500! Picha moja iliweza kuifanya kompyuta ya Macintosh ihangaike kwa masaa mpaka ikamilike. Halafu CD za wakati ule zilisomeka kwa mwendo wa kobe, ikabidi rangi zipunguzwe mpaka 256 na mafaili yapangwe kwa akili ili mchezaji asikae anasubiri. Sauti nazo zilikuwa za kuungaunga. Moto halisi ukirekodiwa haukusikika vizuri, basi wakaendesha gari polepole juu ya kokoto, na huo ndio moto wa boila unaousikia humo ndani.

(Kama hujalicheza, ruka hapa.) Maktaba ya kisiwa ina kitabu chekundu na cha bluu. Ndani ya kila kimoja kafungwa mtu: Sirrus kwenye chekundu, Achenar kwenye cha bluu. Ni ndugu. Kila mmoja anakuomba umletee kurasa zilizopotea ili atoke, na kila mmoja anakuapia kwamba mwenzake ndiye muuaji. Ukurasa unabeba mmoja mmoja tu, kwa hiyo kila safari unaamua unamwamini nani. Kumbe wote wabaya, na ukimkamilishia yeyote kurasa zake, yeye anatoka na wewe unabaki humo badala yake. Utamu zaidi ni kwamba Sirrus kaigizwa na Robyn, Achenar kaigizwa na Rand. Ndugu wawili wanachongeana mbele ya kamera, wakimaliza wanarudi kazini pamoja.

Mchezaji wa wakati ule hakuwa na YouTube ya kuchungulia majibu. Boksi la gemu lilikuja na daftari tupu, na watu walilijaza kweli, namba, michoro, noti za muziki, familia nzima ikibishana mbele ya skrini moja. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 6, na hakuna gemu la kompyuta lililoipiku mpaka The Sims mwaka 2002. Wapo waliolikandia kwamba ni onyesho la picha tu, na hawakukosea sana, ila huo upweke ndio uliokuwa mchezo wenyewe.

Riven, mwendelezo wake, likatoka mwaka 1997 kwenye CD 5. Baada ya hapo Robyn akaondoka Cyan. Rand akabaki.

Ukimaliza Myst vizuri, baba yao Atrus anakwenda kumalizana na wanawe, anarudi, anakushukuru kwa maneno machache na kukuruhusu uzunguke kisiwani utakavyo. Hakuna fataki, hakuna orodha ya majina inayopanda. Ukirudi maktaba, pale vilipokaa vitabu viwili pana alama za moto tu.